Majina ya Kale ya Kikohozi na Maradhi Mengine: Shajara ya Mradi, Moshi

Machi, mwanzo wa masika

Mradi huu unakusanya majina ya zamani ya maradhi ambayo bado yanatajwa mbele ya meza ya tabibu hapa Moshi, tukianza na ya kifua na koo, kisha homa, tumbo na maungo. Tunaofanya kazi hii ni watatu: mimi, tabibu wa zahanati iliyo pembezoni mwa mji, muuguzi mstaafu ambaye mtaa mzima bado unamwita Sista, na mwalimu wa Kiswahili wa sekondari mwenye kabati la kamusi za tangu zama za wamisionari.

Sababu ya kuanza ni ya kikazi. Moshi ni mji wa watu waliotoka kila upande. Wapo waliokulia Same, Rombo, Tanga, Kondoa na Pwani, na watumishi wa afya wenyewe hupangiwa vituo vya kazi mbali na makwao. Mzee anaposema kwamba anasumbuliwa na mkamba, mtumishi kijana aliyejifunza maradhi kwa majina ya vitabuni huandika "kikohozi" kwenye kitabu cha MTUHA, yaani kitabu cha kumbukumbu za wagonjwa, na kumwita anayefuata. Mzee ameshaeleza kwa neno moja kwamba kikohozi chake ni cha siku nyingi, kwamba kinatoa makohozi na kwamba kinamrudia kila baridi inapoingia, lakini maelezo hayo yote yamebaki mlangoni.

Tumekubaliana kanuni moja kabla ya kuandika kadi ya kwanza. Kadi haitasema kwamba jina fulani la kale ndio ugonjwa fulani wa kisasa. Itaandika dalili kwa maneno ya msemaji mwenyewe, umri wake na alikolelewa. Kisha itataja maradhi ambayo huenda yanajificha nyuma ya jina hilo. Na chini kabisa itaandikwa swali ambalo mtumishi anapaswa kumuuliza mgonjwa. Mwalimu alitaka pia asili ya neno iandikwe pale inapojulikana. Nimekubali, kwa sharti kwamba asili ya neno isikalie nafasi ya swali.

Mwalimu ameandika juu ya kasha la kadi methali ambayo kila mmoja wetu huitumia: "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Ndwele ni maradhi na kuganga ni kutibu, methali yenyewe ni ya tiba tangu mwanzo, ingawa siku hizi tunaisikia zaidi kwenye usuluhishi wa ndoa na kwenye mikutano ya vyama.

Machi, wiki ya pili

Tumeanza na neno lililo jepesi kusemwa na gumu kulieleza, yaani "kifua". Mtu husema "nina kifua" akimaanisha kwamba anakohoa, au kwamba anabanwa pumzi, au kwamba anasikia maumivu mbavuni, au kwamba ana ugonjwa ambao hataki kuutaja mbele ya jirani aliyekaa kwenye benchi lile lile. Katika mazungumzo na wazee wa Mbuyuni na Pasua tumepata matawi yake. Kifua cha kubana ni kile ambacho hewa huingia kwa taabu na kutoka na mluzi, na wengi hukiita pumu. Mkamba ni kikohozi kizito cha muda mrefu chenye makohozi. Mama mmoja aliyekulia Tanga hutumia kitenzi "kubanja" kwa tendo la kukohoa kwa makusudi ili kuondoa kilichokwama kooni, na hulitenga kabisa na kukohoa kunakokuja kwenyewe. Tofauti hiyo ni ya thamani kubwa kwa mpokea wagonjwa, maana anayebanja ana kitu cha kutoa, na anayekohoa kikavu hana.

Kifua kikuu kina kadi yake peke yake, na katika mkoa huu jina hilo haliwezi kutengwa na Kibong'oto. Hospitali hiyo, iliyoko Siha katika miteremko ya magharibi ya Kilimanjaro, ilianza mwaka 1926 kama mahali pa kuwatunza wagonjwa wa kifua kikuu. Streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kuukabili ugonjwa huo, iligunduliwa mwaka 1943; kabla ya hapo tiba ilikuwa kupumzika, hewa safi na chakula kizuri, na wengi hawakurudi makwao. Ndiyo maana baadhi ya wazee tuliozungumza nao hawalitamki jina la ugonjwa kabisa, wanasema tu kwamba fulani "alipelekwa Kibong'oto", na anayesikiliza anaelewa. Nimeandika maneno hayo kwenye kadi kama jina kamili la ugonjwa, kwa sababu ndivyo yanavyotumika. Mtumishi anayeyasikia katika historia ya familia anapaswa kuuliza ni nani aliyelala nyumba moja na mgonjwa huyo.

Swali la chini ya kadi hii ndilo lile linalojulikana kitaifa: umekohoa kwa wiki mbili au zaidi? Akijibu ndiyo, makohozi yapimwe, aite kikohozi chake jina lolote atakalo.

Machi, mwisho wa mwezi

Kifaduro. Hili ndilo jina la kikohozi ambalo nimelisubiri kwa hamu, kwa kuwa vijana wengi waliozaliwa baada ya chanjo kuenea hawajawahi kulisikia likitajwa kwa hofu.

Bibi mmoja wa Kiboriloni alitupokea nyuma ya nyumba, akatupa viti, akaendelea kuchambua maharage huku akizungumza. Sista alipomwuliza kama anakumbuka kifaduro, aliweka ungo chini.

"Mwanangu, kile hukikumbuki kwa kichwa, unakikumbuka kwa masikio," alisema. Kisha akatuonyesha. Aliinama, akakohoa mfululizo bila kuvuta pumzi hata mara moja, mpaka mishipa ya shingo ikasimama, halafu akavuta hewa kwa sauti kali na ndefu. Alieleza kwamba mtoto akifikia hapo hugeuka rangi midomoni na mara nyingi hutapika, kisha hulala kama aliyepigwa. Mama yake alikuwa akikunja kanga na kuiweka chini ya kifua cha mdogo wake, na kumlaza akiwa ameinamisha kichwa ili matapishi yasimpalie. Walikaa hivyo usiku kucha, msimu mzima wa mvua.

Hakuna kitabu kilichonieleza ugonjwa huo vizuri zaidi. Kikohozi cha mfululizo, mvuto wa hewa wenye sauti, kutapika na majuma mengi ya mateso ndizo dalili za ugonjwa ambao daktari Guillaume de Baillou aliueleza katika mlipuko wa Paris wa mwaka 1578. Wachina wameuita ugonjwa huo kikohozi cha siku mia, na idadi hiyo haina chumvi nyingi. Kimelea chenyewe kilitengwa mwaka 1906 huko Brussels na Jules Bordet na Octave Gengou, na jina la Bordet ndilo lililobaki katika jina la kitaalamu la bakteria huyo.

Tulijadiliana sana kuhusu kadi hii, kwa sababu jina linalobeba sauti kubwa linaweza kumdanganya mtu anayesubiri kuisikia sauti hiyo. Mtoto mchanga wa miezi michache mara nyingi hana nguvu ya kuvuta hewa kwa kishindo. Yeye husimama kupumua tu, na ndiye aliye hatarini kuliko wote. Isitoshe, siku ambazo ugonjwa huambukiza zaidi ni zile za mwanzo, wakati mtoto anaonekana ana mafua ya kawaida. Kwa hiyo maneno ya bibi yameandikwa yote, na chini yake tumeongeza maswali mawili: mtoto ana umri gani, na kadi yake ya kliniki inaonyesha chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14? Bibi alipoona tunaandika kuhusu chanjo alitutaka tuandike pia kwamba yeye ni shahidi. Tumeandika.

Aprili

Dondakoo limekwenda haraka. Jina linajieleza lenyewe: donda kooni. Wazee wawili tu ndio waliowahi kumwona mgonjwa wake, na wote walieleza utando wa kijivu uliofunika koo na shingo iliyovimba. Jina la kitaalamu la ugonjwa huo lilitokana na neno la Kigiriki la ngozi, kwa sababu ya utando huo huo. Kadi imekamilika.

Matubwitubwi, ambayo wengine huyaita perema, nayo yamepata kadi moja yenye majina yote mawili. Hakuna aliyebisha.

Pepopunda limechukua muda kidogo zaidi. Wazee wanalijua kwa mtu aliyejikata jembe au kukanyaga msumari, taya likafunga, mgongo ukapinda kama upinde. Lakini kwa mtoto mchanga hawalitumii. Mtoto wa siku chache aliyeacha kunyonya na kukakamaa walimwita kwa majina ya pepo au ya jicho baya, na kitovu kilichokatwa kwa kifaa kichafu hakikutajwa. Kwa hiyo kadi ya pepopunda peke yake haitoshi. Tumeweka kadi ya pili isiyo na jina moja, yenye kichwa "mtoto mchanga aliyeacha kunyonya", na chini yake majina yote tuliyoyasikia.

Aprili, katikati ya mwezi

Kadi ya kimeo imenichukua siku nyingi na nitaieleza kwa urefu.

Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya kaakaa. Kamusi hukiita pia kimio, kilimi na kidakatonge, na hilo la mwisho ni jina zuri, kwa kuwa kinyama hicho husaidia kuziba njia ya pua wakati wa kumeza. Lakini katika mazungumzo ya watu kimeo si kiungo tu, ni ugonjwa. "Mtoto ana kimeo" maana yake ni kwamba anakohoa bila kukoma, hasa usiku, anatapika na hanenepi, na kwamba watu wa nyumbani wameamua kinyama hicho kimerefuka na kinagusa koo. Dawa inayofuata inajulikana: kwenda kukikata kwa mtu anayefanya kazi hiyo mtaani.

Tulikaa na bibi mmoja wa Majengo ambaye amepeleka watoto na wajukuu. Sista ndiye aliyezungumza naye, maana mimi ni mdogo mno kuanza maswali ya namna hiyo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Sista. Karibuni. Huyu kijana ni daktari?"

"Ni tabibu wetu, bibi. Anataka kujua habari za kimeo, ila hakuja kugomba."

"Asigombe basi. Mtoto alikohoa miezi, tumempeleka akapewa dawa ya maji, haikusaidia. Ungefanyaje wewe?"

Swali lake ni la haki na limeandikwa kwenye kadi kama alivyolisema. Mzazi hafiki kwa mkataji wa kimeo kwa upuuzi. Hufika baada ya kikohozi kutotibika na baada ya kupewa chupa ya dawa ya kikohozi bila kupimwa. Hatari ya kukata inajulikana vyema: damu nyingi kupotea, kidonda kuoza, pepopunda, na maambukizi yanayopita kwa kifaa kilichotumika kwa watoto wengine. Ila hatari iliyo kubwa zaidi kwa mawazo yangu ni wakati unaopotea. Mtoto anayekohoa kwa wiki nyingi, asiyeongezeka uzito, anayetoka jasho usiku, anaweza kuwa na kifua kikuu, na kila siku anayokaa nyumbani akisubiri kidonda cha kimeo kipone ni siku ambayo ugonjwa wenyewe unaendelea.

Baada ya mazungumzo marefu, kadi imeandikwa hivi. Mtumishi akisikia neno kimeo, asicheke wala asikaripie. Aulize kikohozi kilianza lini, amwone mtoto uzito wake kwenye kadi ya kliniki na mwenendo wa mstari wake, aulize kama yupo mtu mzima nyumbani anayekohoa, aangalie koo mbele ya mzazi na kumwonyesha mzazi kinyama hicho kikiwa salama mahali pake. Sista ndiye aliyeongeza sentensi hiyo ya mwisho. Alieleza kwamba katika miaka yake ya kazi, mama aliyeonyeshwa kimeo cha mwanawe na pia cha mtoto mwingine mzima aliyekaa pembeni alielewa upesi kuliko aliyehubiriwa.

Mei

Mvua zimefunga njia kadhaa za milimani, kwa hiyo kazi imehamia kwenye kabati la mwalimu. Ameniletea kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Johann Ludwig Krapf, iliyochapishwa mwaka 1882, muda mfupi baada ya kifo chake. Krapf alikusanya maneno yake Mombasa na Rabai, akisaidiana na Johannes Rebmann, yule yule aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848 na kuleta habari ambazo wanajiografia wa London hawakuziamini.

Kazi ya mwezi huu imekuwa kutenga maneno yaliyoletwa na elimu ya tiba ya Waarabu, ambayo nayo iliyapokea kutoka kwa Wayunani. Katika elimu ile mwili uliendeshwa na majimaji manne: damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kila moja lilikuwa na tabia mbili kati ya joto, baridi, ukavu na unyevu. Galen, daktari wa Kiyunani, aliieneza katika karne ya pili, tabibu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, akaipanga kwa utaratibu, na mabaharia na masheikh wakaifikisha pwani yetu. Leo hakuna mgonjwa wa Moshi anayefikiri juu ya majimaji manne, lakini majina yake yamo vinywani mwake kila siku.

Baridi yabisi ni mfano ulio wazi kuliko yote. Yabisi ni kavu. Baridi na ukavu ndizo tabia za nyongo nyeusi, na hivyo mzee anayeshika goti lake na kusema ana baridi yabisi anatamka utambuzi kamili wa daktari wa Baghdad wa miaka elfu moja iliyopita. Belghamu ni makohozi, tena makohozi mazito. Katika elimu ile ilikuwa baridi yenye unyevu, na huenda ndiyo sababu hadi leo mtoto mwenye kifua anakatazwa maji ya baridi. Bawasiri nayo imetoka huko huko.

Safura imetupa kazi zaidi. Kwa asili ni nyongo ya manjano, na katika matumizi ya watu wetu ni ugonjwa wa mtu aliyepauka, aliyevimba uso, asiye na nguvu, wakati mwingine mwenye hamu ya kula udongo. Wataalamu wa afya wa Kiswahili wamelichukua jina hilo na kulipa minyoo inayoingia kupitia ngozi ya miguu na kunyonya damu tumboni. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwa kuwa mgonjwa wa minyoo hiyo hupauka kweli. Lakini mzee anayesema "nina safura" huenda ana upungufu wa damu uliotokana na jambo jingine kabisa, na huenda ana manjano ya ini. Swali la kadi: macho yako yamegeuka rangi, au yamepauka? Kisha mtumishi aangalie mwenyewe, kope la chini na weupe wa jicho, karibu na dirisha penye mwanga.

Juni

Baridi imeshuka, mlima haujaonekana kwa siku nyingi, na zahanati imejaa watoto wenye mafua na vifua. Nimeandika kadi ya kichomi wakati huu kwa makusudi.

Kichomi ni maumivu yanayochoma ubavuni mtu anapovuta pumzi, na kwa mtu mzima jina hilo ni zuri kuliko maelezo mengi, kwa sababu nimonia inayogusa ngozi ya pafu huuma hivyo hivyo. Taabu ni kwa mtoto mdogo asiyeweza kusema kwamba anachomwa. Mama husema "mtoto ana kichomi" kwa kuona mbavu zikiingia ndani na tumbo likipanda na kushuka upesi, na mama mwingine huona dalili hizo hizo akasema "ana kifua tu". Hapa jina halipimi chochote. Saa ndiyo inayopima. Kadi inasema mtoto ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi ni za haraka; kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya miaka 5, ni 40 au zaidi. Mbavu zikiingia ndani, au asipoweza kunyonya, asingojee foleni.

Mwisho wa wiki nilipita Arusha, nikafika soko la Kilombero kwa wauza dawa za asili. Bidhaa zao zinaitwa kwa majina ya maradhi: dawa ya kifua, dawa ya mgongo, dawa ya chango, dawa ya baridi yabisi. Muuzaji mmoja alinieleza kwamba mteja wa baridi yabisi na mteja wa mgongo huwapa magome tofauti, na akanionyesha kwa kidole mahali ambapo kila ugonjwa unakaa mwilini. Nimeandika mipaka yake kama alivyoichora: mgongo uko kiunoni na haushuki, baridi yabisi hukaa kwenye vifundo na huhama. Sijaandika majina ya magome, kwa kuwa mradi huu ni wa majina ya maradhi.

Julai

Degedege. Wazee wa ukanda wa tambarare, Kahe na Arusha Chini, wana mengi ya kusema kuliko wa milimani, na sababu yake ni mbu. Mtoto mwenye homa kali hukakamaa, hugeuza macho, hutetemeka, na wengi huamini kwamba amepitiwa na mdudu au ndege anayeitwa kwa jina hilo hilo. Imani inayofuatana nayo ndiyo iliyonifanya nisisitize kadi hii iwe na herufi kubwa kuliko nyingine: wengi wameambiwa kwamba mtoto wa degedege akidungwa sindano atakufa. Malaria kali hutibiwa kwa sindano. Familia inayoamini hivyo hungoja degedege "litoke" kwanza, na malaria kali haimpi mtoto nafasi ya kungojewa.

Mwalimu alipendekeza tumwombe mzee mmoja wa Kahe aseme kwa sauti yake maneno ya kuwaambia wazazi, badala ya kuyatunga sisi. Mzee alifikiri kidogo, akasema: "Waambieni degedege ni moshi, moto ni malaria, dokta anazima moto." Maneno yake yamo kwenye kadi bila kuguswa.

Julai, mwisho wa mwezi

Sehemu ya homa imetuonyesha kwamba majina yetu yamesafiri pia kwenda nje. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati wa mlipuko wa mwaka 1870 wa homa ya kuvunja viungo, aliandika kwamba wenyeji waliiita kidinga pepo, na wengi wanaofuatilia asili ya neno dengue, jina la kitabibu la homa hiyo, hulihusisha na jina hilo. Mlipuko wa Dar es Salaam wa mwaka 2014, na ule wa 2019, ulilirudisha katika umbo la kidingapopo. Chikungunya nayo ni neno la Kimakonde la kukunjika mwili kwa maumivu, lililoandikwa kitabibu baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 katika nyanda za Newala. Maneno ya watu wa kusini na pwani yameingia katika vitabu vya tiba vya dunia nzima kwa sababu daktari mmoja mmoja aliuliza "mnaiitaje?" akaandika jibu.

Wagonjwa wa homa hizo ni wachache hapa juu, kwa hiyo kadi ni fupi. Swali lake: umesafiri Dar es Salaam, Tanga au pwani katika majuma mawili yaliyopita?

Agosti

Kadi zimeanza kutumika katika chumba changu na katika dirisha la dawa. Watumishi wawili vijana, mmoja wa Kigoma na mmoja wa Mtwara, wamezisoma na kuongeza majina ya kwao pembeni kwa penseli. Nimewaruhusu, na nimetenga rangi ya penseli kwa kila mkoa. Yule wa Mtwara alimpokea mzee aliyesema ana mkamba tangu mwaka jana, akauliza maswali ya kadi, akagundua kwamba mzee amepungua uzito na kwamba mke wake pia anakohoa. Wote wawili wametoa makohozi na wanasubiri majibu.

Badiliko moja limefanyika. Kadi za mwanzo ziliweka jina la kale juu na swali chini kabisa. Watumishi wamesema kwamba mgonjwa akiwa mbele yao hawana muda wa kushuka hadi chini. Sasa swali liko mstari wa pili, mara baada ya jina, na historia ya neno imehamia nyuma ya kadi. Mwalimu amekubali bila kinyongo.

Kilichobaki ni "mshipa". Wanaume hulitumia kwa ngiri, kwa busha, kwa maumivu ya kiuno na kwa udhaifu wasiotaka kuutaja, na wanawake hulitumia kwa maumivu ya uzazi ambayo wengine huyaita chango. Sista hataki niliandike peke yangu, na ana hoja: wanawake hawatanieleza mimi. Yeye ataanza na akina mama wa Same mwezi ujao, mimi nitaanza na wazee wa kiume wa Rombo, na kadi zitaandikwa mbili, moja kwa kila upande, kabla hatujaamua kama ni neno moja.